Sanduku, fidla au nukta? Kuchagua mchoro wa makundi na pakeji ya kuandika thamani ya p

Una vipimo vya namba vilivyogawanyika katika makundi mawili, matatu au zaidi, na unataka mchoro mmoja: data zionekane zilivyosambaa, na juu yake liwepo jibu la jaribio la kitakwimu. Karibu kila anayeandika tasnifu ya kilimo, afya au biolojia hukutana na kazi hii. Ndani yake mna maamuzi mawili. La kwanza ni umbo la mchoro. La pili ni programu au pakeji (kifurushi cha amri za ziada) itakayoandika juu ya mchoro huo thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoiona au zaidi, ikiwa kwa kweli makundi hayatofautiani. Wengi humaliza nguvu zote kwenye umbo na rangi, kisha wakaiachia pakeji iwachagulie jaribio. Mimi naona hatari kubwa iko hapo kwenye uamuzi wa pili, na nitaionyesha kwa namba ambazo unaweza kuzihakiki mwenyewe.

Namba hizo zimo kwenye PlantGrowth, seti ndogo ya data inayokuja ndani ya R, programu ya bure ya takwimu, bila kupakua kitu kingine. Ni uzito wa mimea 30 iliyokaushwa, 10 kwa kila kundi. Kundi la kulinganishia linaitwa ctrl, na makundi mawili yaliyokuzwa katika hali tofauti yanaitwa trt1 na trt2. Wastani wake ni 5.032, 4.661 na 5.526. Sampuli ni ndogo, tofauti si kubwa sana wala si ndogo sana. Data za utafiti wa kawaida wa mwanafunzi hufanana hivyo hivyo.

Umbo la mchoro

Tuanze na grafu ya nguzo yenye kijiti cha kosa sanifu juu yake, kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi. Mwaka 2015 Tracey Weissgerber na wenzake, katika jarida la PLOS Biology, walichapisha mapitio ya makala 703 za fiziolojia, na zaidi ya asilimia 80 ya makala hizo zilikuwa na angalau grafu moja ya nguzo. Kwa kuhesabu vitu, nguzo inafaa kabisa. Kwa uzito, urefu au presha ya damu, iache. Inajaza rangi kuanzia sifuri, mahali ambapo mara nyingi hakuna hata kipimo kimoja, na inaficha kila kitu isipokuwa wastani. Kundi ambalo vipimo vyake vimekusanyika katikati na kundi lililogawanyika pande mbili vinaweza kutoa nguzo ileile. Kosa sanifu nalo hupungua kadiri sampuli inavyokua, hivyo kijiti kifupi humfanya msomaji adhani vipimo vyenyewe vimekaribiana, kumbe kilichopungua ni mashaka juu ya wastani tu.

Mchoro wa sanduku ni hatua kubwa mbele. Mary Eleanor Spear alichora mfano wake wa awali katika kitabu chake cha mwaka 1952, na John Tukey akaupa sura tunayoijua katika miaka ya 1970. Mstari wa ndani ni mediani, yaani thamani inayokaa katikati data zikipangwa kwa ukubwa. Kingo za sanduku ni robo ya kwanza na robo ya tatu. Masharubu yanafika kwenye thamani ya mwisho iliyo ndani ya mara 1.5 ya upana wa sanduku (umbali kati ya kingo hizo mbili) kuanzia ukingoni, na thamani zilizopita hapo huchorwa kama nukta zilizojitenga.

Hapo kwenye zilizojitenga ndipo pa kuwa macho. Chukua kundi la trt1. Thamani zake mbili za juu ni 5.87 na 6.03. Ukichora kwa amri ya boxplot ya R yenyewe, robo zinakuwa 4.17 na 4.89, mpaka wa juu unafika 5.97, na thamani moja tu, 6.03, inahesabiwa kuwa imejitenga. Ukichora data zilezile kwa ggplot2, pakeji ya michoro ya R, robo zinapigwa kwa kanuni nyingine kidogo: 4.2075 na 4.87. Mpaka unashuka hadi 5.86375, na 5.87 nayo inatupwa nje kwa tofauti isiyofika hata mia moja ya kipimo kimoja. Seaborn, pakeji ya michoro ya lugha ya Python, inakubaliana na ggplot2. Mmea ni uleule, uzito ni uleule. Kwa hiyo nukta iliyojitenga kwenye sanduku isiwe kamwe sababu ya kufuta data. Ni alama ya kukuambia nenda kaangalie daftari la shambani, basi.

Mchoro wa fidla ulielezwa na Jerry Hintze na Ray Nelson mwaka 1998. Unaonyesha msongamano wa data pande zote mbili za mstari wa katikati, kwa hiyo kilele cha pili, ambacho sanduku hukificha, kinaonekana. Mfano mzuri ni data za ngwini wa Palmer, zilizokusanywa karibu na kituo cha Palmer huko Antaktika kati ya 2007 na 2009: ngwini 344 wa spishi tatu, na uzito umepatikana kwa 342 kati yao. Ngwini aina ya Gentoo wana wastani wa gramu 5076, lakini madume ni kama gramu 5485 na majike kama 4680. Sanduku moja la Gentoo linafunika jambo hilo. Fidla angalau inakuonyesha mwili mpana usio na kilele kimoja safi, nawe unajiuliza kilichomo ndani. Kwa makundi ya ukubwa huo, 123 kwa Gentoo na 151 kwa Adelie, fidla inastahili nafasi yake.

Kwa mimea 10, haistahili. Umbo la fidla hutokana na hesabu ya kulainisha, na kwa nukta 10 unachokiona kwa sehemu kubwa ni ulainishaji wenyewe. Zaidi ya hapo, pakeji hazikubaliani mahali pa kukata ncha. Ggplot2 huikata fidla kwenye thamani ndogo na kubwa zaidi za data, lakini seaborn, ukiiacha kama ilivyo, huirefusha kupita data zenyewe. Nimeona fidla za viwango vya homoni zikishuka chini ya sifuri kwa sababu hiyo, na hakuna homoni ya chini ya sifuri. Katika seaborn weka cut=0. Pia fahamu kwamba kwa kawaida fidla zote hupewa eneo sawa, kwa hiyo kundi la watu 8 linanenepa sawasawa na kundi la watu 800.

Zimebaki nukta zenyewe, zikitawanywa kidogo kando ili zisilaliane. Chini ya vipimo 20 kwa kundi, sioni sababu ya kutozionyesha zote. Chaguo langu la kila siku ni sanduku jembamba lenye nukta juu yake. Katika ggplot2 kumbuka kuzima alama za zilizojitenga kwa outlier.shape = NA. La sivyo thamani hiyohiyo inachorwa mara mbili, na msomaji atahesabu mimea 12 kwenye kundi la 10. Pakeji ya ggpubr hukufanyia hilo yenyewe ukiiomba iongeze nukta.

Kuna pia mchoro wa mvua, ambao Micah Allen na wenzake waliueneza mwaka 2019: nusu fidla juu kama wingu, sanduku jembamba, na nukta chini kama matone. Ni mzuri kwa makundi mawili au matatu yenye data za kutosha. Makundi yakifika sita, ukurasa unajaa.

Thamani ya p imetoka wapi?

Sasa tuingie penye uzito. Jaribio la jumla, lile linaloliuliza swali "je, kuna tofauti yoyote kati ya makundi haya matatu?", halina ugomvi kwenye PlantGrowth. Anova ya kawaida inatoa p = 0.016, ya Welch isiyodai mitawanyiko iwe sawa inatoa 0.017, na Kruskal-Wallis inayotumia nafasi badala ya thamani inatoa 0.018. Jibu ni lilelile.

Ugomvi unaanza ukitaka mabano juu ya jozi, yaani vimistari vinavyounganisha makundi mawili mchoroni na p yao juu yake. Jaribio la t hulinganisha wastani wa makundi mawili, Wilcoxon hulinganisha nafasi, na Tukey hulinganisha jozi zote kwa pamoja. Tazama hapa, data ni zilezile kila mstari:

| Jinsi jozi zilivyojaribiwa | ctrl na trt1 | ctrl na trt2 | trt1 na trt2 |
|---|---|---|---|
| Jaribio la t la Welch, kila jozi peke yake | 0.250 | 0.048 | 0.009 |
| Hilohilo, kwa marekebisho ya Holm | 0.250 | 0.096 | 0.028 |
| Jaribio la t kwa utawanyiko wa makundi yote matatu | 0.194 | 0.088 | 0.004 |
| Wilcoxon, kila jozi peke yake | 0.199 | 0.063 | 0.009 |
| Tukey baada ya anova | 0.391 | 0.198 | 0.012 |

Angalia safu ya ctrl na trt2. Kwa mstari wa kwanza mchoro unapata kinyota kimoja (alama ya p iliyo chini ya 0.05), na sentensi ya kwenye tasnifu inakuwa "hali ya pili iliongeza uzito wa mimea". Kwa mistari mingine yote hakuna kinyota. Namba zinatembea kutoka 0.048 hadi 0.198, na sababu ni tatu tu: jaribio limetumia thamani au nafasi zake, utawanyiko umekadiriwa kwa makundi mangapi, na kama umelipia gharama ya kuuliza maswali matatu badala ya moja. Ukiuliza maswali mengi kwa kipimo cha 0.05 kila moja, uwezekano wa kupata "ndiyo" ya bahati unapanda. Marekebisho ya Holm, ya Bonferroni au ya Tukey yanauzuia usipande.

Kwa makusudi nimeacha mstari mmoja nje ya jedwali. Kama swali lako tangu mwanzo lilikuwa kulinganisha kila hali na kundi la ctrl tu, bila kujali trt1 na trt2 zinavyotofautiana, basi jaribio lako ni la Dunnett, la mwaka 1955. Linalipa gharama ya maswali mawili tu, na kwa ctrl na trt2 linatoa takriban 0.15. Bado hakuna kinyota, lakini swali limeulizwa sawasawa. Jaribio lichaguliwe kwa swali, na swali liandikwe kabla data hazijafunguliwa.

Pakeji zenyewe

Ggsignif, ya Constantin Ahlmann-Eltze, ndiyo nyepesi kuliko zote upande wa R. Unaongeza geom_signif kwenye mchoro wa ggplot2, unataja jozi, inachora mabano na kuandika p. Usipoiambia kitu inatumia Wilcoxon, kila jozi peke yake, bila marekebisho yoyote. Ukiiambia t.test, unapata mstari wa kwanza wa jedwali letu. Kuna njia salama ya kuitumia: ipe maandishi yako mwenyewe kwenye annotations, yaliyotoka kwenye jaribio ulilolifanya kando. Hapo inabaki kazi yake halisi, kuchora mabano, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana.

Ggpubr, ya Alboukadel Kassambara, ndiyo ambayo wanafunzi wengi wanaoanza R huikuta kwanza, na inaeleweka kwa nini. Mstari mmoja unatoa mchoro unaofaa kuchapishwa. Amri yake maarufu ni stat_compare_means. Ukiiacha wazi, inaandika jaribio la jumla, Wilcoxon kwa makundi mawili na Kruskal-Wallis kwa zaidi ya mawili, na hapo haina shida. Shida iko ukiipa orodha ya jozi kwenye comparisons: p zinazoandikwa juu ya mabano hazijarekebishwa. Mtu anaweza kuwa na anova ya jumla juu kabisa na mabano ya jozi chini yake, akaamini kwamba ya pili yametokana na ya kwanza. Hayahusiani. Amri mpya zaidi, geom_pwc, inajua kurekebisha, mradi uiombe iandike p iliyorekebishwa.

Njia ninayoipendekeza ndani ya ggpubr ni kutenganisha hesabu na uchoraji. Pakeji ndugu yake, rstatix, inafanya jaribio na kukupa jedwali. Unalisoma jedwali hilo kwa macho yako, kisha unalikabidhi kwa stat_pvalue_manual:

```r
library(ggpubr)
library(rstatix)

jibu <- PlantGrowth %>%
  tukey_hsd(weight ~ group) %>%
  add_xy_position(x = "group")

ggboxplot(PlantGrowth, x = "group", y = "weight", add = "jitter") +
  stat_pvalue_manual(jibu, label = "p.adj")
```

Mistari michache tu imeongezeka, lakini sasa unajua kila namba imetoka wapi. Msimamizi akikuuliza "hii 0.198 ni ya jaribio gani?", jibu limo ndani ya msimbo. Andika "p.adj" kwenye label badala ya "p.adj.signif" ili ipatikane namba. Vinyota vinatupa taarifa: 0.049 na 0.011 vyote ni kinyota kimoja, na 0.051 haipati kitu.

Ggstatsplot, ya Indrajeet Patil, ina falsafa nyingine kabisa. Amri yake ggbetweenstats inachora fidla, sanduku na nukta kwa pamoja, na juu ya mchoro inaandika jaribio la jumla, digrii za uhuru, p, ukubwa wa tofauti pamoja na masafa yake ya uhakika (mipaka ambamo thamani ya kweli inakadiriwa kuwemo), na idadi ya vipimo. Ukiiacha kama ilivyo inatumia anova ya Welch, jozi inazilinganisha kwa Games-Howell, jaribio lisilodai mitawanyiko iwe sawa, na marekebisho ni ya Holm. Neno moja, type, linakuhamisha kutoka majaribio ya wastani kwenda ya nafasi, ya kustahimili thamani zilizojitenga, au ya Bayes. Kwa maoni yangu, kati ya zote nilizozitaja, chaguo-msingi zake ndizo zenye uangalifu zaidi. Mtu asiyejua kuuliza kuhusu marekebisho anayapata bila kuuliza.

Ina mapungufu yake. Mchoro unabeba maandishi mengi mno kwa slaidi ya kuonyesha ukumbini, na wahariri wa majarida wengi watakutaka uyahamishie kwenye maelezo ya chini. Kwa makundi ya vipimo 10, fidla inakuja utake usitake mpaka uizime. Na kwa kawaida inaonyesha mabano ya jozi zenye p ndogo tu. Jozi ambazo hazikutofautiana zinatoweka mchoroni, na msomaji hajui kama zilijaribiwa. Weka pairwise.display = "all" makundi yakiwa matatu au manne.

Kwa anayetumia Python, chaguo la kawaida ni statannotations, ambayo Florian Charlier aliijenga juu ya kazi ya awali ya Marc Weber iitwayo statannot. Inakaa juu ya michoro ya seaborn. Unaipa jozi na jina la jaribio, nayo inachora mabano yanayopishana bila kugongana, jambo ambalo ni taabu kulifanya kwa mkono. Marekebisho ya Bonferroni, Holm na Benjamini-Hochberg yamo, lakini hayawashwi yenyewe. Usipoweka comparisons_correction, huna. Jambo lingine: jaribio liitwalo t-test_ind linachukulia kwamba mitawanyiko ya makundi mawili ni sawa. Kama unataka Welch, taja t-test_welch waziwazi. Kwa ctrl na trt2 tofauti ni ndogo, 0.047 dhidi ya 0.048, kwa kuwa makundi yana ukubwa sawa. Makundi yakiwa 12 na 60, na dogo likiwa ndilo lililotawanyika zaidi, tofauti haitakuwa ndogo hivyo.

Tukey na Dunn (jaribio la jozi linalofuata Kruskal-Wallis) hawamo kwenye orodha ya majaribio yake. Usikubali hilo likusukume kwenye jaribio lisilo lako. Fanya hesabu kwa scipy, pingouin au scikit-posthocs, kisha zipeleke p zako kwa amri ya set_pvalues. Ni mwendo uleule wa rstatix na ggpubr.

Asiyeandika msimbo ana jamovi na JASP. Zote mbili ni za bure, na JASP inatoka Chuo Kikuu cha Amsterdam. Unabofya, unapata sanduku lenye fidla na nukta, na jedwali la anova lenye Tukey au Games-Howell, na kwa JASP hata Dunn. Mabano juu ya mchoro hutayapata kirahisi hivyo, kwa kuwa mchoro na jedwali vinakaa sehemu mbalimbali. Kwangu hilo si kasoro kubwa. Mchoro safi na jedwali chini yake vinatosha kwa tasnifu yoyote, na hakuna jaribio lililofanyika kwa siri. GraphPad Prism, ambayo maabara nyingi za baiolojia huitegemea, inachora mabano vizuri na kukuuliza maswali ya jaribio hatua kwa hatua, lakini ni ya kulipia kwa usajili. Kwa mwanafunzi anayejilipia, sioni inachokupa ambacho R haikupi.

Ipo pia njia inayoiacha kando p. DABEST, iliyotoka mwaka 2019 kwa Joses Ho na wenzake, ipo kwa Python na kwa R. Inachora nukta zote, na pembeni au chini inaweka mhimili wa pili unaoonyesha tofauti ya wastani na masafa yake ya uhakika ya 95%. Msomaji anaona moja kwa moja ni kiasi gani, badala ya ndiyo au hapana. Kwa mazao na dawa, mara nyingi swali la kweli ni hilo la kiasi. Mkulima hajali p. Anajali gunia moja au magunia matano. Kama jarida au chuo chako kinaruhusu, itumie, na p iandike ndani ya matini.

Vipimo viwili kwa mtu mmoja

Yote niliyosema yanahusu makundi ya watu au mimea tofauti. Kama ni wagonjwa walewale kabla na baada ya dawa, sanduku mbili zilizosimama kando kwa kando zinapotosha hata kama jaribio ni sahihi. R ina data nyingine maarufu, sleep, ambayo Student aliitumia mwaka 1908: watu 10, dawa mbili, na saa za usingizi zilizoongezeka. Ukiyachukulia kama makundi mawili yasiyohusiana, Welch inatoa p = 0.079. Ukiyachukulia kama yalivyo, watu walewale mara mbili, p ni 0.003.

Sasa fikiria mchoro wenye sanduku mbili zinazoingiliana sana na juu yake 0.003. Msomaji makini atakushuku, na ana haki. Chora mstari unaounganisha nukta mbili za kila mtu, naye ataona mara moja kwamba karibu kila mstari unapanda. Ggpubr ina ggpaired kwa ajili hiyo, ggstatsplot ina ggwithinstats. Katika Python utaichora mistari hiyo kwa matplotlib, na kwenye statannotations utachagua t-test_paired au Wilcoxon, ambalo huko ni la vipimo vya watu walewale, si Mann-Whitney, jina la huko la lile Wilcoxon la makundi tofauti tulilolitumia kwenye jedwali. Hakikisha pia safu za data zimepangwa kwa mpangilio uleule wa watu pande zote mbili, kwa sababu pakeji nyingi huoanisha kwa nafasi tu, na hazitakuonya.

Ningechagua nini

Kwa tasnifu yenye makundi matatu hadi matano na vipimo visivyofika 20 kila kundi, ningechora sanduku na nukta kwa ggpubr, jaribio likitoka rstatix. Kwa uchunguzi wa haraka wa data mpya, pale ninapotaka kuona kila kitu kabla ya kuamua chochote, ggstatsplot haina mpinzani. Kama mradi mzima uko Python, usihamie R kwa ajili ya mabano tu. Statannotations inatosha, mradi p uzilete mwenyewe. Ggsignif ningeitumia pale tu mchoro wangu wa ggplot2 umeshakuwa na mambo mengi na ninahitaji bano moja au mawili. Makundi yakizidi sita, acha mabano kabisa, kwa maana yatapanda juu kuliko data zenyewe. Weka jaribio la jumla kwenye mchoro na jozi kwenye jedwali.

Chochote utakachochagua, maelezo ya chini ya mchoro yabebe idadi ya kila kundi, maana ya sanduku na masharubu, jina la jaribio na jina la marekebisho. Kwa mchoro wa msimbo niliouonyesha hapo juu, mimi ningeyaandika hivi:

"Uzito wa mimea iliyokaushwa katika makundi matatu, n = 10 kwa kila kundi. Kila nukta ni mmea mmoja; mstari wa ndani ya sanduku ni mediani, kingo ni robo ya kwanza na ya tatu, masharubu yanafika thamani ya mwisho iliyo ndani ya mara 1.5 ya upana wa sanduku. Anova: F(2, 27) = 4.85, p = 0.016. Thamani za p juu ya mabano ni za Tukey. Tofauti ya wastani kati ya trt2 na trt1 ni 0.865, masafa ya uhakika ya 95% kuanzia 0.174 hadi 1.556, kati ya trt2 na ctrl ni 0.494, kuanzia −0.197 hadi 1.185."